Pembe ya Kona ya Mama Nakijwa

Juzi nimewaona vijana wa barabara wakifukia shimo hapa chini ya kwangu. Wamevaa vizibao vya kung'aa, wameweka vibao huku na huku, na mmoja kazi yake ni kushika kibendera tu. Shimo wakalimwagia udongo, wakaukanyaga kwa viatu, wakapiga picha, wakaondoka. Mvua ikanyesha. Asubuhi yake shimo lilikuwa palepale, na limepata mdogo wake.

Sikuwafokea. Siku hizi mzee akifoka wanasema presha imepanda, apelekwe hospitali. Nimeona niwaandikie. Mimi nilikuwa mnyapara wa barabara enzi za Mwingereza, kwenye njia inayopanda kutoka Hedaru kwenda juu upande wa Chome. Mkiniona natembea nimeinama msidhani ni uzee. Naangalia barabara. Hata kanisani huwa natazama sakafu nione maji yangepita wapi.

Haya, shimo kwanza. Unalichimba upya mpaka ufikie udongo mgumu, kingo zake unazisimamisha wima. Chini unapanga mawe makubwa, juu yake madogo, kisha kifusi, na kila tabaka unalishindilia mpaka mkono ufe ganzi. Halafu unatafuta maji yaliyolichimba yametoka wapi, maana usipoyazibia njia yatarudi kukusalimia. Mzee Kiondo, aliyenifundisha kazi, alikuwa akinipeleka barabarani mvua ikiwa bado inanyesha. Mimi natetemeka, yeye amejifunika gunia kichwani, ananionyesha kidole. "Unaona pale yanapochungulia? Kesho yatakuwa mtaro." Kesho yake ni mtaro kweli. Nilidhani mzee ana uchawi kidogo, kumbe ana macho tu.

Mzee Kiondo huyohuyo ndiye alikuwa mpiga pembe wa kijiji chetu. Hapo ndipo ilipo stori ninayotaka kuwapa, kwa hiyo niwaeleze vizuri nyie mliozaliwa na simu mkononi.

Kwetu Upareni kuna msaragambo, yaani kazi ya wote. Mfereji ukibomoka, njia ikikatika, shule ikitaka kujengwa, pembe inapigwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Ilikuwa pembe ya mnyama mkubwa, imesuguliwa mpaka inang'aa, na sauti yake inavuka bonde la kwanza na la pili. Sheria zake zilikuwa chache na ngumu. Pembe ikilia, unatoka. Huulizi inalilia nini, unakwenda na utaambiwa hukohuko. Ukishatoka na jembe huwezi kurudi nalo safi, lazima liguse udongo. Na asiyetokea anatozwa mbuzi. Kuna vijana wenye miguu mirefu wanakuja kumchukua, na hawana muda wa maelezo. Jirani yangu alitozwa akiwa kitandani na homa. Mbuzi akachinjwa, wakala, na wakamletea mgonjwa mchuzi.

Sasa ile barabara. Katikati ya kupanda palikuwa na kona moja kali kuliko zote. Upande mmoja ni mwamba, umesimama kama ukuta. Upande wa pili ni nyumba ya Mama Nakijwa, mjane, nyuma yake migomba, na nyuma ya migomba ni genge, ukiteleza umekwenda. Kwenye ile migomba alikuwa amelala mume wake, na watoto wake wawili waliokufa wadogo. Mama Nakijwa alikuwa mwembamba, mchapakazi, na mdomo wake haukuwa na breki. Kwenye msaragambo alikuwa wa kwanza kufika kila mara, halafu anakaa kutusimanga tunaochelewa.

Gari lililokuwa likipita pale ni lori la mfanyabiashara mmoja wa Hedaru, linashusha kahawa na watu na kupandisha chumvi, mafuta ya taa na watu. Dereva wake aliitwa Salimu, mtu wa Tanga, mpole sana akiwa chini na muumini sana akiwa juu. Siku moja alikata ile kona vibaya, lori likaingia jikoni kwa Mama Nakijwa na likatokea upande wa pili. Mwenyewe alikuwa migombani, Mungu ni mkubwa. Salimu kwa woga hakusimama. Akateremka mpaka Hedaru na paa la jiko likiwa juu ya mizigo, na chungu cha makande kimekaa palepale juu ya paa bila kumwagika. Wakati Mama Nakijwa anafika sokoni kwa miguu, makande yalikuwa yameshanunuliwa yote.

"Angalau mngeniuliza bei," aliwaambia.

Kesi ikapanda mpaka kwenye baraza kule Same. Wajumbe wa baraza, ambao nyie mngewaita madiwani, walikaa kujadili usalama wa barabara, na Bwana Shauri, Mwingereza wetu aliyesimamia wilaya, akakaa mbele na kofia yake mezani. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, kama mnyapara wa njia husika, na nilikatazwa kusema mpaka niulizwe. Sikuulizwa.

Mjumbe wetu alikuwa Mzee Natanaeli, mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, msije mkamchukia. Ila alipenda kusimama. Akisimama kuomba maji ya kunywa, lazima aanze na shukrani kwa waliotangulia.

"Mwamba ule," akasema, "unahitaji baruti. Baruti inahitaji fedha. Na fungu letu la barabara, waheshimiwa, mnajua liko wapi."

Tulijua. Fungu lilikuwa limenunua rola la kushindilia barabara. Rola lilikuja kwa treni, likashangiliwa, likaendeshwa mpaka chini ya mlima, likautazama mlima, likagoma. Likabaki hapohapo. Akina mama walianika mahindi juu yake na kuku walitagia ndani. Kila kikao lilitajwa kwenye mali za baraza, na kila kikao kuna mtu aliuliza kama mayai nayo ni ya baraza.

Akasimama mjumbe wa kutoka Jipe, amekasirika tangu alipoingia. "Sisi kule ziwani hatuna barabara, hatuna gari, hatuna kona. Kila mwaka tunachangia kona za watu! Kama kona ndizo zinazoleta fedha, basi na sisi tunaomba tupewe kona yetu."

Hoja yake ikaungwa mkono. Nasema kweli, iliungwa mkono na watu wazima wenye ndevu.

Wakamwita Salimu. Bwana Shauri akamuuliza kwa nini hakupiga honi.

"Honi ilikufa zamani, Bwana."

"Na breki?"

"Breki zipo, ila zinaumwaumwa."

"Sasa watu wanajuaje kama unakuja?"

"Napiga kelele, Bwana."

"Unasemaje?"

"Inategemea nimeogopa kiasi gani."

Bwana Shauri akashika kichwa. Akauliza kama kule juu hakuna chombo chochote chenye sauti kubwa, kitumike kuwaonya watu gari likija. Mzee Natanaeli akang'aa uso mzima. Akasema kipo, tena bure, tena cha asili: pembe ya msaragambo. Mzee Kiondo akae juu ya jiwe pale kwenye kona, akiona vumbi la gari bondeni au akisikia mlio wake huko juu, apulize. Baraza zima likapiga makofi. Fedha haikutoka hata senti, na kikao kikaisha kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Lakini azimio lilikuwa na mkia. Bwana Shauri alisema pembe ijaribiwe mpaka kahawa ivunwe. Kama kona itakuwa bado ya hatari, nyumba ya Mama Nakijwa itavunjwa, na barabara itapita palepale ilipo, nyumba na migomba yote.

Nikamkimbilia Mzee Natanaeli mlangoni. "Shikamoo Mzee. Ile pembe ikilia, watu wanatoka."

"Marahaba. Si ndiyo usalama wenyewe?" akanipigapiga bega. "Watoke, waone gari."

Nilipompelekea Mama Nakijwa habari, alikuwa anasuka paa jipya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatazama migombani, akasema, "Kwa hiyo nyumba yangu na makaburi yangu sasa yananing'inia kwenye mdomo wa Kiondo. Kiondo mwenyewe meno hana."

Siku ya kwanza Mzee Kiondo akapanda juu ya jiwe, akaona vumbi, akapuliza. Na mimi nikiwa nimesimama kwenye kona nikawaona wanateremka. Kutoka juu, kutoka chini, kutoka ng'ambo ya kijito, wake kwa waume, majembe mabegani. Mama Nakijwa kafika wa kwanza, bila shaka, nyumba yake iko hatua chache tu. Kabla ya pembe, kwenye ile kona angekuwepo mtu mmoja. Sasa pembe ya kuwaondoa watu barabarani ilikuwa imekileta kijiji kizima barabarani, na gari linakuja.

Msidhani walikosea. Kila mtu alijua kwamba ni lori. Kanisani walikuwa wametangaziwa, Walutheri kwa Wakatoliki. Lakini sheria ya pembe inasema huulizi, unatoka. Na nani angekuwa wa kwanza kubaki nyumbani? Ikitokea siku moja ni msaragambo wa kweli, mbuzi wake kwaheri. Wale vijana wenye miguu mirefu walikuwa wakihesabu vichwa huku wakitabasamu. Kwa hiyo walikuja wote. Na wakishakuja hawawezi kurudi na majembe safi. Wakanigeukia mimi.

"Haya Mnyapara, tupangie kazi."

Maana kwenye msaragambo wa barabara mnyapara ndiye anayepanga nani achimbe wapi, na neno lake halipingwi mpaka jua lizame. Nikawapa mtaro. Lori likaja mara ya pili, nikawapa mtaro uleule. Jamani, mtaro ule ulichimbwa mpaka akaingia ng'ombe wa Mzee Kiondo na hatukumwona, tulisikia tu analia. Nikawahamishia kwenye kupanga mawe. Mawe yakapangwa. Nikawaambia wayapange kwa ukubwa, wakayapanga. Nikawaambia wafagie. Barabara yetu ikawa safi kuliko sakafu ya kanisa, mpaka watu wakawa wanavua viatu kabla ya kuvuka.

Mtaniuliza kwa nini wazee hawakuibadilisha sheria. Walitaka! Walikaa kikao rasmi cha kuibadilisha. Wakafungua kwa sala, msemaji akakohoa, na pembe ikalia. Wote wakainuka kuchukua majembe. Wakapanga kikao kingine, ikawa vilevile. Hatimaye wakamwomba Salimu awaambie siku ambayo hatakuja, na Salimu akasema hata yeye huwa hajui kama atafika.

Harusi moja ilikuwa inatoka kanisani, wanaimba, bibi harusi na shela lake. Pembe ikalia. Bwana harusi akatazama huku na huku, akaomba jembe la kuazima. Bibi harusi naye akaomba la kwake, akasema ndoa yake haianzi na deni la mbuzi. Niliwapa sehemu yenye kivuli. Nadhani ndiyo zawadi niliyowapa.

Aliyeteseka kuliko wote ni Salimu. Zamani alikuwa anaogopa kumgonga mama mmoja. Sasa kila akikata kona anakutana na umati wenye majembe. Anakanyaga breki zake zinazoumwa, lori linasimama pua yake kifuani kwa mtu, yeye anatoka anatetemeka, na watu wanamsalimia, habari za Hedaru. Halafu abiria wake wa kijijini wanaruka chini kukimbilia majembe yao, maana na wao wamesikia pembe. Anafika juu na chumvi peke yake.

Akaamua awe mjanja. Wakati wa kuteremka akawa anazima injini huko juu, anaachia gari lishuke lenyewe bila mlio ili Mzee Kiondo asilisikie. Abiria wanaagizwa wasiongee. Wenye kuku wanawafunika na khanga. Fikirini wenyewe: lori zima la kahawa, limezimwa, breki zinaumwa, linashuka mlima kimya kama watu wanaorudi kutoka msibani. Nilipomkamata nilimuuliza kama ana akili. "Lahaula, Mnyapara," akasema, "mimi nafanya hivi kwa ajili ya usalama!"

Nawaambia vijana, nimefanya kazi ya barabara maisha yangu yote na sijaona hatari inayozidi watu walioamua kuleta usalama kwa bei rahisi.

Kahawa ikawa inakaribia kwisha mitini. Mama Nakijwa akaacha kutusimanga. Hapo ndipo nilipojua anaogopa. Alikuwa anafika na jembe lake, anachimba palepale nilipomwonyesha, na kila akinyoosha mgongo anatazama migombani kwake. Siku moja alinivuta pembeni. "Sefania," akaniita kwa jina langu, siyo Mnyapara. "Wakivunja, wale walio nyuma watafanyiwaje?" Nilimwambia Mungu yupo, na niliona aibu, kwa sababu hilo tunalisema tukiwa hatuna la kusema.

Bwana Shauri akaja kukagua. Mzee Kiondo akaona vumbi, akafanya kazi yake. Landrova ilipokata kona ikakuta kijiji kizima kimejaa barabarani, na wa mbele kabisa alikuwa Mzee Natanaeli na jembe, maana naye ni mkazi na mbuzi wake anampenda. Gari likasimama bampa ikiwa imegusa suruali yake. Bwana Shauri alidhani amepokewa rasmi. Akashuka, akapunga mkono, akatushukuru kwa mapokezi. Kisha akauliza majembe ni ya nini. Tukamweleza. Akaomba tumweleze tena, polepole.

Baraza likafanyika palepale barabarani, wajumbe aliokuja nao wakikaa kwenye mawe yaliyopangwa kwa ukubwa. Mmoja akapendekeza inunuliwe pembe ya pili, ya kuwarudisha watu nyumbani. Mwingine akasema lori lipite siku za msaragambo tu, watu wawepo kwa halali. Mjumbe wa Jipe alisimama kusema kwamba anaona kona yetu ina mtaro mzuri, mawe mazuri, na wafanyakazi wengi, na kwao hakuna hata kimoja. Alikuwa na haki, siwezi kumbishia.

Bwana Shauri akainuka. Akasema pembe imeshindwa, kona ni ya hatari kuliko mwanzo, na azimio linajulikana. Jumatatu utaitwa msaragambo, nyumba ivunjwe. Mzee Natanaeli atasimamia.

Mama Nakijwa akasogea mbele. Hakupiga kelele. "Bwana Shauri, nyumba yangu haikulifuata gari. Gari ndilo lililonikuta mimi hapa. Mume wangu amelala kule nyuma, na wanangu wawili. Mkinihamisha mimi, nina miguu. Wao mtawaambia nini?"

Mkalimani aliyekuja naye akatafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri alitazama ndani ya kofia yake kama vile jibu limeandikwa humo. Mwisho akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Akapanda gari. Watu wakawa wamesimama tu, majembe chini. Hakuna aliyenigeukia kuomba kazi.

Jumatatu ikafika. Tulikuwa watu watatu kwenye kona: Mzee Natanaeli amevaa koti lake la vikao, Mzee Kiondo juu ya jiwe, na mimi. Mzee Kiondo alikuwa ameishika pembe kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ashike. Mzee Natanaeli akamwambia, "Piga, Mzee mwenzangu. Tumalize." Akapuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alipuliza vizuri, maana hakujua kupuliza vibaya. Sauti ikaenda bonde la kwanza, ikaenda la pili.

Tukasubiri.

Hakutokea mtu. Watu walewale waliotoka kwenye harusi, kwenye vikao, vitandani, waliokuja kwa kila lori lenye chumvi na kila lori tupu, siku pembe ilipolia kwa kazi ya kweli hawakutokea. Milango ilikuwa imefungwa mlima mzima. Baadaye niliwauliza, na hakuna aliyekubali kwamba walipanga. Huyu tumbo lilimkata, huyu mpini wa jembe ulichomoka, huyu eti hakusikia, naye anaishi hatua chache tu kutoka jiwe la Kiondo!

"Piga tena," akasema Mzee Natanaeli.

"Haipigwi mara mbili kwa kazi moja," akasema Mzee Kiondo.

"Basi watatozwa mbuzi wote!"

"Nani akawatoze? Watozaji wenyewe hawajaja."

Mzee Natanaeli akavua kofia, akajipepea. Mimi moyoni nilikuwa nacheka na ninalia kwa pamoja. Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa.

Mama Nakijwa akatoka. Amejifunga khanga kiunoni, jembe begani, kama siku zote. Akatembea zile hatua chache mpaka barabarani.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," tukaitika, kila mmoja kwa wakati wake.

"Pembe imelia, nimekuja. Wenzangu wako wapi?"

"Mama," akasema Mzee Natanaeli kwa sauti ya chini, "wewe rudi ndani."

"Nirudi ndani nitozwe mbuzi? Mbuzi wenyewe sina." Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu lakini yamekauka. "Haya Mnyapara, tupangie kazi. Tunaanzia wapi?"

Wanangu, mimi nimepanga kazi maisha yangu yote, na sijawahi kupewa swali zito kama lile. Nikaitazama nyumba. Nikayatazama majani ya paa jipya alilosuka kwa mikono yake. Kisha nikageuka nikautazama mwamba.

"Kule," nikasema, nikanyoosha kidole upande wa pili wa barabara.

Mzee Natanaeli akaruka. "Mnyapara! Unafanya nini?"

"Napanga kazi, Mzee. Jua halijazama."

Mama Nakijwa hakuuliza. Akavuka barabara, akasimama mbele ya ule mwamba uliompita urefu mara nyingi, akanyanyua jembe, akapiga. Likalia ngaa! Mwamba haukutoa hata vumbi. Akapiga tena. Kila mtu anajua jembe halivunji mwamba, na yeye alijua kuliko sisi. Mwamba usio na baruti unavunjwa kwa moto. Unaupangia kuni, unauchoma mpaka uwe mwekundu, unaumwagia maji ya baridi, unapasuka. Unaondoa vipande, unaanza upya. Mpare yeyote anaijua njia hiyo, na kila mmoja anaikwepa, kwa sababu inakula kuni za nyumba kwa msimu mzima, na kule juu baridi si ya mchezo. Hakuna mnyapara anayeweza kumwamuru mtu atoe kuni za jikoni kwake.

Akaendelea kupiga. Nikachukua sururu nikasimama karibu naye, nikapiga na mimi. Mzee Kiondo akashuka kwenye jiwe lake taratibu, akaja akasimama upande wangu wa pili. Mzee Natanaeli alibaki katikati ya barabara na koti lake, anatutazama.

Wa kwanza kuteremka alikuwa yule bibi harusi. Hakuwa na jembe. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani. Akautua chini ya mwamba, akasalimia, akaondoka kwenda kuleta mwingine. Nyuma yake akaja jirani yangu wa homa na mzigo wake. Kisha wakawa wengi, wanateremka kutoka juu na wanapanda kutoka chini, wenye kuni, wenye madebe ya maji, watoza mbuzi wamebeba magogo mabegani. Mama Nakijwa akageuka akawaona, akaliachia jembe, akakaa chini barabarani na kufunika uso na khanga.

Mzee Natanaeli akanisogelea. Alikuwa anayageuza macho huku na huku, mtu wa vikao anayetafuta mwenyekiti.

"Mnyapara," akaninong'oneza, "nani amewaita hawa?"

"Sijui, Mzee," nikamwambia. "Vua koti, shika debe."